Ekseli Ilivyotukatikia Mlima wa Kamachumu

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini kama mimi, gari unalijua kwa kupanda na kushuka tu, na neno ekseli umelisikia kwa makonda. "Jamani tumekata ekseli," anasema konda, nanyi mnashuka mkidai nauli zenu. Mimi nimelijua kwa mlio. Ni mlio mmoja tu, ka! Kama mtu aliyevunja muwa gotini. Baada ya hapo injini inanguruma vizuri kabisa, gia imeingia, mguu uko kwenye mafuta, na gari haliendi popote.

Basi bwana, ilikuwa mwezi wa Aprili na nilikuwa nimetoka Dar kwenda Bukoba kusalimia ukoo. Kwa asili mimi ni Mhaya, ila wa kidato cha nne, hivyo hata huo unshomile tunaotaniwa nao mimi ni wa kuazima. Nilipofika nikakuta baba mdogo mgongo umemkamata, hawezi kuinama wala kukaa kwenye usukani. Na kulikuwa na kazi isiyoweza kusubiri.

Kazi yenyewe ni nyumba ya bibi, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Wale wanaokumbuka tetemeko la Septemba 10, 2016 wanajua lilivyoifanya Kagera. Nyumba ya bibi haikuanguka. Ilipata ufa kutoka dirishani hadi kwenye kenchi, ukazibwa kwa udongo, ukafunguka, ukazibwa tena. Mwaka huu ukoo ukachanga. Mafundi wakaanza kwa pupa, wakaezua paa la chumba chake kabla vifaa havijafika. Bibi akahamia jikoni, akawa analala na mafiga. Aprili Bukoba, msomaji wangu, si Aprili ya Sinza. Kule mvua inanyesha kama inalipwa kwa saa.

Mjini Bukoba kulikuwa na mabati 30 na mifuko 12 ya saruji. Na uani kwa baba mdogo kulikuwa na Land Rover.

Hiyo Land Rover ni mkubwa wangu. Ni ile 109, wenyewe wanaiita wan-o-naini, muundo wa pili A, ya mwaka 1970. Baba mdogo aliinunua mnadani mimi sijazaliwa. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Waingereza walilionyesha Land Rover la kwanza kule Amsterdam Aprili 1948, na hii ya pili A wakaitengeneza kuanzia 1961 hadi 1971. Usidhani ni mambo ya makumbusho. Mwaka 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, zikajaa barabarani kwa mamia, na nyingi zilikuja zinatembea zenyewe.

Ya kwetu ina rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi. Mlango wa kushoto unafungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani, mbali na gia ya kawaida, kuna kirungu cha njano na kingine chekundu, ambavyo mimi nilidhani ni urembo.

Baba mdogo akanipa ufunguo na mtu wake, utingo wa miaka kumi na tisa hivi, kijana asiyeongea. Akaniambia neno moja tu. "Saruji na mabati, basi. Usipakie mtu."

Nikasema, "Sawa, ba'mdogo." Hata sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo cha pembeni.

Tukatoka mjini kwa Rwamishenye, lami safi, migomba kulia na kushoto. Kama hujafika Bukoba, huko nyumba huzioni. Unaona migomba, halafu moshi unapanda katikati yake, ndipo unajua humo kuna watu. Hicho ndicho kibanja: migomba, chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage. Kikiisha kibanja inaanza rweya, nyasi tupu na upepo, kisha migomba tena. Tukapita Kyetema, huko upande wa Katerero, jina ambalo vijana wa Dar wakilisikia wanacheka kabla hata hawajauliza ni wapi. Ni vijiji vya heshima zao tu, kaka, na kanisa lipo.

Baada ya kilomita kama 20 ukashuka ziwa unalikuta Kemondo. Ni bandari ndogo, imetulia. Mei 20, 1996 MV Bukoba ilitoka Bukoba ikapitia hapo Kemondo, ikaongeza watu usiku kwenda Mwanza, na asubuhi ya tarehe 21 ikazama Mwanza ikionekana. Mamia walikufa. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi, jambo hilo hata mtoto wa Kagera atakuambia. Nami nikiwa Kemondo hapo hapo, nikilitazama ziwa hilo hilo, nikaona watu wanne wamesimama barabarani wananipungia. Nikafunga breki.

Mama mmoja mwenye magunia mawili ya dagaa. Vijana wawili. Mzee mwenye baiskeli. Wote wa Kamachumu. Elfu tatu kila kichwa, na dagaa elfu mbili. Nikafanya hesabu upesi, hiyo hesabu mimi naiweza: elfu kumi na nne, mshiko wa bure. Utingo akaniangalia, akaangalia springi za nyuma, akapanda juu bila kusema neno. Mama wa dagaa akakaa mbele na mimi.

Kufika Muhutwe, lami kuu inaendelea kwenda Muleba mjini na Biharamulo. Wa Kamachumu wanakata kulia na kuanza kupanda. Na kupanda kwenyewe si mchezo. Kamachumu iko juu, kama meza, na barabara inajikunja kuitafuta. Ukigeuka nyuma unaona ziwa lote na visiwa vyake. Mimi sikugeuka. Mvua ilikuwa imeanza, waipa ilikuwa inafanya kazi moja tu, ya upande wa abiria, na gia namba mbili ilikuwa imeshindwa.

Kwenye kona gari likazima. Nyuma yangu kuna bodaboda imebeba wasichana wawili wenye mwavuli mmoja. Wakacheka. Hapo ndipo palipoharibika mambo. Mtoto wa mjini kuchekwa na wasichana wa mlimani? Nikawasha, nikatia namba moja, nikakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, nikaachia klachi kwa mpigo.

Ka!

Kilichofuata ndicho kilichonitoa jasho kwenye mvua. Gari halikubaki pale. Lilianza kurudi nyuma. Nikavuta hendibreki mpaka mwisho, na gari linarudi. Mama akasema, "Yesu wangu!" Nikakumbuka kwamba nina mguu, nikakanyaga breki, likasimama nusu ya matako yake yakiwa mtaroni. Utingo alikuwa ameshashuka na jiwe, akalipiga chini ya gurudumu. Kumbe jiwe lile husafiri nalo siku zote.

Baadaye nilielezwa. Land Rover hizi za zamani hendibreki yake haishiki magurudumu. Inashika propela, ule mti unaozunguka chini ya gari kutoka giaboksi kwenda difu ya nyuma. Sasa kama ekseli imekatika upande mmoja, propela unaweza kuishika utakavyo, magurudumu yanazunguka yenyewe kupitia difu. Breki ya mguu peke yake ndiyo iliyokuwa imebaki kati yetu na korongo. Na korongo lilikuwepo, nililiangalia baadaye.

Saruji je? Turubai letu lilikuwa limepasuka. Mama wa dagaa akaangalia mifuko, akaangalia magunia yake, akavua nailoni iliyofunika dagaa akaitandaza juu ya saruji ya bibi yangu. "Dagaa nitaanika tena," akasema. "Hiyo ikilowa ni mawe." Nikataka kumrudishia nauli, lakini mkono haukwenda mfukoni. Naandika ninavyokumbuka.

Utingo akaingia ndani, akakikandamiza kile kirungu cha njano. Kikashuka. "Sasa inavuta mbele," akasema. Ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisikia kwake tangu Bukoba. Kupanda na mzigo ule kwa magurudumu ya mbele peke yake haiwezekani, yanachezacheza tu. Lakini kugeuza na kuteremka tuliweza, taratibu, akiwa yeye kwenye usukani na mimi nikitembea kwa miguu pembeni nimeshika jiwe. Ndicho cheo nilichopewa.

Muhutwe tukapata kibaraza cha duka, saruji ikahamia humo. Tukaambiwa kuna mzee fundi nyuma ya mashine ya kusaga. Akaja na spana zake kwenye ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akainama kulisalimia gari.

Nilitegemea ataomba jeki. Hakuomba. Akafungua bolti sita katikati ya gurudumu la kulia, akagonga kidogo, akavuta, na ekseli ikatoka yenyewe kama upanga kwenye ala, gurudumu limekaa pale pale limebeba gari. Nikaduwaa. Akanieleza kwamba gari hili uzito wake unabebwa na bomba la nje na beringi, wakati ekseli ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana ikikatika gurudumu halichomoki likaenda zake, kama magari mengine. "Waliolitengeneza walijua itakatika," akasema, "wakaifanya iwe rahisi kutoka."

Ilitoka pungufu, lakini. Kipande cha mwisho, chenye meno, kilikuwa kimebaki ndani ya difu. Akajaribu kukivuta kwa sumaku aliyoifunga kwenye waya, kikagoma. Ikabidi afungue propela, avute na ekseli ya kushoto, amwage oili kwenye sufuria, ateremshe difu nzima. Hapo saa mbili zikapita, mvua imekatika, watoto wa Muhutwe wamejaa.

Kipande kilipotoka akakifuta kwa tambara akanionyesha pale palipokatika. "Soma," akaniambia. Sikuelewa nisome nini. Akaonyesha kwa kidole. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, imeshika kutu na oili ya zamani. Pembeni tu kulikuwa na sehemu ndogo, kama robo hivi, inang'aa kama senti mpya. "Hapa peusi palianza kuchanika zamani. Mwaka, pengine miaka. Hapa panapong'aa ni leo." Akaniangalia. "Mlibeba nini leo?"

Nikamwambia saruji na mabati. Mama wa dagaa alikuwa amekaa pale kibarazani anachagua dagaa waliolowa. Hakusema kitu. Ingekuwa afadhali angesema.

Wale vijana wawili wakashauri ichomelewe, Kemondo kuna mtu ana mashine. Fundi akacheka. Chuma hiki, akasema, kimepikwa kwa kipimo ili kijinyonge kidogo na kurudi. Ukikichomelea umekiharibu pale pale ulipokiunga, kitafika kona ya kwanza. Na aliyosema chuma huko Buhaya nilikuwa tayari kuyasikiliza, kwa sababu huko chuma ni cha kale. Kule Katuruka, upande wa Maruku, mtafiti Mmarekani Peter Schmidt alichimba akakuta matanuru ya kuyeyushia chuma ya karibu miaka 2,000, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya wakamjengea tanuru kwa kumbukumbu zao, wakayeyusha mbele ya macho yake. Mwaka 1978 habari ikatoka katika jarida la Science la Marekani. Babu zangu walikuwa wanapika chuma, mimi mjukuu nakivunja kwa ajili ya wasichana wa bodaboda.

Ikabidi nimpigie baba mdogo. "Ekseli imekatika," nikamwambia. "Yenyewe tu."

"Ulipakia nini?"

"Kama ulivyosema."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema amechoka. Kuna mtu wa vyuma chakavu amemfuata mara tatu, ananunua kwa kilo, pengine wakati umefika. Tukishindwa kupata ekseli, tuliache Muhutwe, mtu huyo atalifuata hapo hapo. Gari hilo ndilo lililolipa ada yangu ya kidato cha kwanza hadi cha nne, msomaji, kwa mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikawa mdogo kuliko utingo.

Usiku nililala kwenye kiti cha mbele. Asubuhi mimi na utingo tukapanda Hiace kurudi Bukoba na kipande cha ekseli kwenye mfuko wa rambo. Tukazunguka gereji za Hamugembe na Kashai. Kila mtu anakuambia ipo, ukienda haipo. Mmoja akatutolea ya 109 kweli, imefutwa vumbi, bei laki na nusu. Nikafungua pochi. Utingo akanishika mkono, akatoa kipande chetu, akaanza kuhesabu meno kwa sauti ndogo. Letu lina meno 10, manene. Lile lilikuwa na 24, membamba. Ni la 109 ya baadaye, yenye difu kubwa ya Salisbury, na hayo mawili hayajuani. Tena kuna la pili: kulia na kushoto hazilingani urefu, maana difu haiko katikati, imesogea kulia. Ukileta ya kushoto umeleta fimbo ya kutembelea. Mwuzaji akakasirika, akasema asubuhi yote tunamhesabia meno.

Wakatuambia tusubiri mtu aagizwe Kampala kupitia Mutukula, siku tatu au nne. Bibi jikoni, mvua juu yake. Utingo ndiye aliyekumbuka kwamba Muleba mjini, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, kuna pili A iliyolala.

Tukakamata gari tena, tukaipita Muhutwe na gari letu liko pale limekaa kama ng'ombe mgonjwa, tukafika Muleba saa tisa. Muleba ni mji wa mteremko, ziwa liko chini upande wa mashariki na wenyewe hawalitazami, wana shughuli zao. Ilikuwa kweli. Land Rover chini ya mparachichi, haina injini, kuku wametagia kwenye kiti. Mwenyewe, mzee mstaafu, alikataa kwanza. Siku moja ataifufua, alisema. Utingo akamwonyesha kipande kilichokatika, akamwambia ni gari la nani. Kumbe baba mdogo aliwahi kumpeleka mkewe Ndolage hospitali usiku, mwaka ambao barabara ilikuwa tope. Mzee akaingia ndani, akatoka na spana. Akachukua elfu themanini, na akataka ile iliyokatika arudishiwe. "Niiweke mahali pake," akasema, "isiwe wazi."

Tulipofika Muhutwe fundi akahesabu meno 10, akapima kwa viganja, akatikisa kichwa kukubali. Gasketi akaikata kwa boksi la sabuni. Difu ikapanda, oili mpya nene ikaingia, namba 90, bolti sita zikakazwa. Kabla ya kurudisha ile ya kushoto akaipitisha mbele ya macho yangu. Meno yake yalikuwa yamejipinda kidogo, kama nywele zilizosukwa. "Na hii inahesabu siku. Mwambie mwenye gari." Akachukua elfu thelathini kwa kazi ya siku mbili.

Tukapanda Kamachumu jioni ile, kirungu chekundu kimevutwa, gari linatambaa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Saruji tulipeleka kwa safari mbili, sita sita. Mifuko iliyokufa kwa maji ilikuwa miwili tu. Bibi alitoka jikoni macho mekundu kwa moshi, akapapasa bati moja moja kana kwamba anahesabu mbuzi.

Baba mdogo alikuja kesho yake kwa bodaboda, mgongo umefungwa kanga. Akalizunguka gari, akagusa bolti za kulia. Akakaa kwenye kigoda. Nilimwamkia, nikapiga magoti upande mmoja kama nilivyofundishwa utotoni, nikamwambia yote: Kemondo, watu wanne, dagaa, klachi, wasichana. Nikamwambia na fundi alichosema, kwamba robo tatu ya ule ufa ilikuwa ya zamani, na ile ya kushoto nayo imejipinda.

"Robo tatu ni yangu," akasema. "Nilikuwa nasikia inagonga tangu Desemba."

Nikatoa zile elfu kumi na nne nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akazihesabu. Akatoa elfu tano akampa utingo. Akatoa nyingine tano akaniambia niipeleke kwa mama wa dagaa, nyumba yake iko karibu na soko. Zikabaki nne, akanirudishia mimi.

"Hiyo ni nauli yako ya Bukoba," akasema. "Utapanda Hiace."